Barua Pepe Zilizosomwa kwa Sauti

Vijana wa idara ya nyaraka wameniomba niandike kurasa chache kuhusu miaka yangu ya kazi. Wanatayarisha sera ya kuhifadhi barua pepe za makumbusho, na mimi ndiye niliyefungua ya kwanza. Wameniahidi kwamba maandishi yangu yatawekwa mwishoni mwa ripoti yao, kama kiambatisho. Nimefurahi sana. Nimekaa ofisini maisha yangu yote na sijawahi kumwona mtu akisoma kiambatisho, kwa hiyo naweza kusema ninachotaka.

Vyeo na mishahara sitavitaja. Vyeo walipewa wengine, na mshahara wa wakati ule nikiutaja mtadhani naomba mchango.

Nilianza kabla ya vita, binti wa mtaa wa Buyenzi mwenye cheti cha kupiga chapa na viatu vya kuazima kwa dada yangu. Makumbusho yetu ilikuwa nyumba ndefu, vyumba vya maonyesho mbele, ghala nyuma, ua katikati. Chumba cha kwanza kilikuwa na vitu ambavyo wageni walikuja kuviona: ngoma, mikuki, vyungu vya zamani, vikapu vya harusi vyenye vifuniko vilivyochongoka, shanga za watu wa ikulu. Vyumba vilivyofuata vilikuwa na picha za vitu hivyo hivyo.

Siku ya kwanza hakuna aliyejua kwamba ninakuja. Mkurugenzi alikuwa mkutanoni, mhasibu alikuwa mazishini, na ufunguo wa ofisi yangu alikuwa nao mtu aliyekwisha kuacha kazi. Aliyenipokea ni mtunza ghala, Mzee Gaspard wa mtaa wa Ngagara, mtu mwembamba aliyevaa koti la bluu la kazi ambalo sikuwahi kuliona likiwa chafu wala likiwa jipya. Alinikalisha juu ya kasha akanipa somo la kwanza, ambalo halikuhusu kupiga chapa hata kidogo.

"Angalia, mutoto yangu," akaniambia. "Hapa kitu ikitoka kwa rafu, karatasi inabaki pa nafasi yake. Unaandika namba, inaenda wapi, na nani amesema itoke. Kama hakuna mutu amesema, haitoki, hata nyumba ikiungua."

"Na nyumba ikiungua kweli?"

"Pale utaniita."

Kikaratasi hicho alikiita fantomu, yaani mzimu, kama wanavyokiita watu wa makumbusho wanaosema Kifaransa. Kwenye ghala lake mizimu iliandikwa kwa mwandiko mzuri kuliko barua za mkurugenzi. Nilimwona mtu wa kujisumbua bure. Lakini alinifundisha pia kufunga chungu kisivunjike, kushika ngoma bila kugusa ngozi, na kunywa chai mbali na vikapu, na mpaka nastaafu sikupata mwalimu mwingine ambaye maneno yake yalinifaa kila siku.

Mkurugenzi wetu wa wakati ule alikuwa na desturi ambayo sijaisikia kwingine. Kila asubuhi wafanyakazi wote, kuanzia mhasibu hadi mpiga deki, walisimama uani, na mimi nikawasomea barua zilizoingia. Kwa sauti, kuanzia anwani hadi salamu za mwisho. Alieleza kwamba taifa lililohifadhi historia yake kwa mdomo haliwezi kuona aibu kusikiliza posta. Wageni kutoka Ulaya waliposikia maelezo hayo walitikisa vichwa kwa heshima. Ukweli ni kwamba macho yake yalikuwa mabovu na miwani aliiona ni ya wazee. Nikimaliza kusoma alichukua karatasi, akaigonga muhuri, na hapo barua ikahesabiwa kwamba imefika, imeeleweka na imehifadhiwa. Imehifadhiwa wapi, hakuna aliyeuliza, maana kila mtu alikuwa ameisikia.

Kisha vita vikaja, na vikakaa. Wageni walikoma. Nchi jirani zilipotuwekea vikwazo, karatasi na wino vikawa adimu kuliko wageni. Mitaa mingine ya mji ilibaki na watu wa kabila moja tu, na sisi kazini tukaacha kutaniana juu ya nani anatoka wapi. Tuliulizana habari za watoto, tukaishia hapo. Jina la mtu halikuwa kitu cha kuacha ovyo. Likishaandikwa kwenye karatasi ya ofisi fulani lilianza kutembea lenyewe, na hukujua litaingia nyumba gani. Usomaji wa posta uliendelea, na nadhani tuliupenda zaidi kuliko zamani, kwa sababu ndio wakati pekee tuliosimama pamoja bila mtu kutakiwa kusema lolote.

Barua pepe ilitufikia vita vikiwa bado vinaendelea. Wafadhili wa Ulaya walitupa kompyuta moja na modemu moja ili tusitengwe na dunia. Modemu ilitumia laini ya simu ya mkurugenzi, kwa hiyo dunia ilipopatikana mkurugenzi hakupatikana. Alikuja akasimama nyuma ya kiti changu, akaitazama skrini, akauliza swali lake la kwanza: "Muhuri inapigwa wapi?"

Nikamwambia haupigwi popote. Alinitazama kama niliyemvua kofia mbele ya watu. Tukapata suluhisho. Barua iliyoingia niliichapa, nikaisoma uani kama kawaida, naye akaigonga muhuri. Majibu yake alinisomea akiwa amesimama, nayachapa, anayatia sahihi na muhuri, kisha naketi kuyaandika upya kwenye kompyuta bila sahihi wala muhuri. Kila jibu lilianza na "Nina heshima kubwa ya kuwajulisha", na heshima hiyo ililiwa na bili ya simu.

Barua pepe ya kwanza kabisa ilikuwa tangazo la semina juu ya kudumisha baridi sawasawa ghalani mchana na usiku. Niliichapa umeme ukiwapo, nikaisoma uani siku ambayo ulikuwa haujaonekana tangu juzi yake. Ya pili ilitoka kwa mjane wa jenerali fulani wa nchi ya mbali, aliyekuwa na mamilioni benki na aliyetuchagua sisi tumsaidie kuyatoa. Hiyo nayo niliisoma yote, na hiyo nayo ikapigwa muhuri. Dereva wetu, Juma, alisikitika sana. "Huyu mama iko na shida kweli," alisema. Mkurugenzi alimjibu kwa niaba ya taasisi, akampa pole ya kufiwa na mume na kumshauri awasiliane na wizara inayohusika.

Mnacheka. Chekeni tu, lakini fahamuni kwamba kati ya barua zote zilizoingia katika miaka ile, ya yule mjane ndiyo iliyohifadhiwa vizuri kuliko zote. Ilipigwa muhuri mara mbili.

Sasa nije kwenye kesi ngumu, ambayo ndiyo sababu nimekubali kuandika.

Mkurugenzi alisafiri kwenda Ulaya kwenye semina kuhusu urithi ulio hatarini. Alipokuwa huko, urithi ukaingia hatarini kweli: makombora yakaanza kudondoka upande wa kusini wa mji, na watu wakaanza kupita barabarani na magodoro vichwani. Asubuhi moja nilikuta barua pepe kutoka kwake. Gaspard afunge vitu vyote vya chumba cha kwanza kwenye makasha, avipeleke bandarini, vipakiwe kwenye meli ya mizigo hadi Kigoma, na huko kuna mfanyabiashara rafiki yake atakayevipokea mpaka hali itulie. Nikaichapa, nikaenda uani, nikaisoma. Nilirudia mara mbili kwa sababu ya mlio wa mizinga milimani. Kila mtu aliisikia.

Na kila mtu alifanya kazi. Mhasibu alikunja mikono ya shati akabeba mikuki. Mwongoza wageni, ambaye alikuwa hana wageni wa kuwaongoza, alizungushia vyungu khanga kuukuu alizozitoa kwake. Juma alipanga makasha kwenye kamioneti, gari letu dogo la mizigo. Gaspard alitoka rafu hadi rafu akiacha kikaratasi mahali pa kila kitu: namba, "Kigoma", na "kwa amri ya mkurugenzi, barua pepe". Sijawahi kuwapenda wenzangu kama siku ile. Kama wangetupiga picha, ingefaa kuwekwa kwenye chumba cha kwanza.

Bandarini wakala wa mizigo aliikataa barua pepe. Alisema hiyo ni karatasi tu, anataka hati yenye muhuri. Gaspard akarudi, nikapiga hati ya kusafirisha mizigo, na kwa kuwa mkurugenzi hayupo akaitia sahihi yeye mwenyewe, mtunza ghala. Muhuri wa ghala alikuwa nao. Barua pepe nikairudisha kwenye trei ya mkurugenzi pamoja na nyingine zilizokuwa zinasubiri arudi azigonge.

Hakurudi. Semina ilikwisha, yeye akabaki huko kuomba hifadhi. Nadhani aliona yeye naye ni urithi ulio hatarini.

Baada ya muda tukaletewa mkurugenzi mpya kutoka ofisi moja ya mtaa wa Kigobe. Alikuwa mtu wa utaratibu. Kwetu huwezi kushika ofisi bila makabidhiano, anayetoka atie sahihi na anayeingia atie sahihi. Kwa kuwa anayetoka alikuwa Ulaya, bwana huyu alitia sahihi pande zote mbili na kujipongeza kwa ushirikiano mzuri. Kisha akasafisha. Karatasi zote za kwenye trei ambazo hazikuwa na muhuri aliziita takataka, akawapa walinzi, nao wakamuuzia mama wa karanga wa pale nje. Kompyuta akaiitia fundi aifute yote, kwa sababu hakutaka kufanya kazi juu ya uchafu wa mtangulizi wake. Nikamwambia barua zote za makumbusho zimo humo, na kwamba zikishateremka kwenye kompyuta yetu hazibaki kwingine. Akanijibu, "Mama Zena, barua ni kitu ya karatasi." Ofisi ilipong'aa ndipo akaenda kutembelea chumba cha kwanza.

Alikuta mizimu. Rafu tupu, na kila mahali kikaratasi cha mwandiko wa Gaspard.

Aliita polisi siku hiyo hiyo. Kulikuwa na hati moja tu yenye muhuri iliyosema vitu vimekwenda wapi, na ilikuwa na sahihi ya Gaspard. Vile vikaratasi polisi walisema ameviandika mwenyewe, na kweli aliviandika mwenyewe, ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Walimchukua akiwa na koti lake la bluu. Uani tulikuwapo wote na hakuna aliyefungua mdomo. Mimi nilifungua. Nikasema, "Mkurugenzi ndiye aliyeandika, niliisoma hapa." Polisi akauliza karatasi iko wapi. Pale getini, mama wa karanga alikuwa anakunja moja.

Mke wa Gaspard, Mama Joselyne, alikuja kesho yake. Mkurugenzi mpya alikuwa amekataza ndugu za mtuhumiwa wasiingie kwenye ofisi. Mlinzi, aliyemfahamu miaka yote, aliinamisha macho akamwambia wanaoingia ni wageni wenye tiketi. Akakata tiketi. Akaingia chumba cha kwanza, akakaa kwenye benchi, akatazama rafu tupu mpaka tulipofunga. Siku iliyofuata akakata nyingine. Mwongoza wageni hakujua afanye nini, maana sheria inasema mgeni aongozwe, basi alisimama kando yake. Katika ripoti ya robo mwaka mkurugenzi aliandika kwamba wageni wameanza kurudi.

Nilikwenda na Mama Joselyne gerezani kupeleka maharagwe. Gaspard alikuwa amekonda, na alitaka kwanza kujua kama ngoma zimewekwa mahali pakavu huko ziliko. Kisha akauliza, "Wenzetu wanasema nini?"

"Wanakusalimia sana, Mzee."

"Nani na nani?"

Sikuwa na jina la kumpa. Akaona, akarudi kwenye habari ya ngoma.

Makumbusho nayo haikukaa bure. Mkurugenzi aliunda tume ya kuchunguza barua pepe ni kitu gani hasa. Ndiyo, vijana wangu, swali lenu lina umri mkubwa kuliko mnavyodhani, na sisi tulilijadili mtu akiwa ndani. Mimi nilikuwa mwandishi wa tume. Mwanahistoria wa chuo alisema barua pepe ni waraka. Bwana wa wizara akasema ni maongezi, tena ya mbali, kama simu. Mhasibu akapendekeza ipewe namba ya orodha kama chungu, tupime urefu na upana wake. Walibishana vikao kadhaa, chai ikinywewa karibu na vikapu, mpaka mkurugenzi akawaeleza jambo lilivyo. Ikiwa barua pepe ni waraka, basi makumbusho imepoteza waraka wa serikali, na aliyesafisha ofisi ana maswali ya kujibu. Ikiwa ni maongezi, basi makumbusho haikupoteza kitu, na mtunza ghala amesafirisha hazina ya taifa kwa kusikia maneno tu. Walifikiri kidogo sana. Barua pepe ikawa maongezi, kwa kauli moja.

Nilikasirika, na niliandika muhtasari wa kikao hicho bila kosa hata moja.

Nikaenda saibakafe ya mjini, nikamwandikia yule mkurugenzi wa zamani kwenye anwani yake binafsi. Sikumlaumu. Nilimwomba jambo moja, aitume tena ile barua, au aandike mstari mmoja kwamba amri ilikuwa yake. Jibu lilikuja upesi. Aliandika juu ya baridi ya huko, juu ya mawakili wake, juu ya jinsi anavyoikumbuka sauti yangu ya kusoma. Kuhusu makasha, alisema hali yake ya sasa haimruhusu kuzungumzia mambo ya taasisi, na kwa swali lolote la aina hiyo alinishauri nitazame kwenye nyaraka za makumbusho.

Basi zilibaki nyaraka zinazotembea kwa miguu. Nilimfuata kila mmoja aliyekuwa uani siku ile. Nilitaka majina tu, chini ya maneno machache: tulisikia amri ya mkurugenzi ikisomwa. Mhasibu alisema siku ile jenereta ya jirani ilipiga kelele. Mpiga deki alisema yeye anafuata maji, hafuati barua. Juma, ambaye makasha yote yalipita mikononi mwake, alishika usukani wa gari lililokuwa limezimwa.

"Mama Zena, mi nilisikia," alisema. "Lakini nilisikia kama shofere, siyo kama shahidi."

Mwongoza wageni ndiye pekee aliyenitazama usoni. "Apana, Mama. We unajua mi nakaa wapi, na unajua nani anakaa karibu yangu. Jina yangu ikifika pa parke, mi sitalala tena mule nyumba."

Huyo sikumlaumu, maana alisema kweli. Wengine niliwakasirikia kuliko nilivyowakasirikia wakurugenzi wote wawili, kwa sababu wakurugenzi sikuwa nimewapenda. Nikaenda peke yangu parke, ofisi ya mashtaka, kutoa ushahidi. Afisa aliyenipokea alikuwa mpole.

"Hiyo imeli, iko na kashe?"

"Haina muhuri, Bwana. Mkurugenzi alikuwa safarini."

"Sinyatire?"

"Sahihi nayo hakuna."

"Sasa iko na nini, Mama?"

"Iko na masikio ya watu wote wa makumbusho."

"Basi uniletee hayo masikio."

Aliwaita. Walifika wakiwa wamevaa vizuri, na kila mmoja akamweleza habari za jenereta.

Gaspard alikaa ndani msimu mzima wa mvua na kiangazi kilichofuata. Kilichomtoa si sheria wala dhamiri ya mtu, ni mahindi. Yule mfanyabiashara wa Kigoma alipata shehena kubwa, akahitaji nafasi, akachoka kutunza ngoma za watu wasiomwandikia. Akapakia makasha yote kwenye meli ya kurudi bila kumuuliza mtu. Bandari ikatuita tukachukue mzigo wetu. Tulihesabu mbele ya polisi, na kila kitu kilikuwapo. Chungu kimoja kilikuwa na ufa. Tume ilikutana mara ya mwisho na kuandika kurasa nyingi juu ya ule ufa.

Wakamwachia bila neno. Hakuna pole, hakuna barua. Mkurugenzi alisema taasisi haiwezi kuomba radhi kwa jambo ambalo halikuandikwa.

Alirudi kazini asubuhi, tukiwa tumesimama uani. Mkurugenzi mpya alikuwa ameiacha ile desturi ya kusoma iendelee, kwa sababu aligundua inamwokoa na kazi ya kusoma mwenyewe. Gaspard aliingia na koti lake la bluu, likiwa limefuliwa, likiwa kubwa kwake sasa. Watu wakageuza nyuso zao huku na huku. Akasimama mahali pake pa siku zote. Mimi nikasoma. Ilikuwa barua pepe ya kijinga kabisa, mtu wa Ubelgiji akiuliza saa zetu za kufungua. Nilipomaliza, mkurugenzi akanyoosha mkono aigonge muhuri. Gaspard akaichukua kwanza. Akaigeuza, akaiweka juu ya kasha, upande mweupe juu, akatoa kalamu mfukoni.

"Upande ile ni ya wakubwa," alisema. "Hii ni yetu. Mutu mwenye amesikia, atie jina yake."

Mkurugenzi akasema hilo halimo kwenye utaratibu.

"Mi sina haraka, Bwana Mkurugenzi," Gaspard akamjibu. "Nimezoea kungoja."

Akangoja. Hakumtazama mtu yeyote, aliitazama ile karatasi. Wa kwanza kwenda alikuwa Juma. Aliandika jina lake polepole, akaweka kalamu, akatoka nje ya geti, na tulimsikia analia kule kwenye gari. Kisha mhasibu, kisha mpiga deki, aliyechora msalaba na kuomba nimwandikie jina pembeni. Mwongoza wageni alikaa na kalamu mkononi muda mrefu kuliko wote, akijua anakaa wapi, na akaandika jina lake lote, la ukoo pia. Mimi nikaandika langu. Mkurugenzi alisema hakusikia vizuri, akarudi ofisini.

Kesho yake Gaspard akafanya vile vile, na keshokutwa. Hakuwahi kutusema wala kutukumbusha, aliigeuza tu karatasi na kuweka kalamu. Tulizitia sahihi zote tulizosikia, za semina, za wajane wa majenerali, za bei ya dawa ya mchwa. Karatasi iliyosainiwa na watu wote hakuna aliyethubutu kuipa mama wa karanga, kwa hiyo tukanunua faili, halafu kabati. Mpaka Gaspard anastaafu, mpaka anafariki, Mungu amrehemu, na miaka mingi baadaye, hakuna barua pepe iliyoingia katika nyumba hii bila majina ya waliokuwapo. Hivyo ndivyo hifadhi yetu ya barua pepe ilivyoanzishwa. Hakukuwa na sera wala mfadhili. Kulikuwa na aibu, na mtu mmoja aliyekataa kutuondolea.

Wiki iliyopita mlinialika kwenye warsha yenu. Mtaalamu wenu aliyetoka mbali alionyesha picha za makabati yangu ukutani na kuyasifu sana. Alisema hajawahi kuona mfumo wa uthibitisho shirikishi wa namna hii katika ukanda mzima, na akauliza kama tuliupata kutoka Kanada. Nikanyamaza, kwa sababu chakula kilikuwa bado hakijaletwa. Kisha akatoa mapendekezo yake. Karatasi zinakula nafasi, akasema. Zipigwe picha kwa mashine, ziingizwe kwenye kompyuta, halafu karatasi zenyewe ziteketezwe. Na ili kupunguza gharama, upigwe picha upande wa mbele peke yake, kwa kuwa nyuma hakuna maudhui, ni sahihi tu.

Mlipiga makofi. Nami niliyapiga, nimelelewa vizuri.

Mmeniuliza kama makumbusho ihifadhi barua pepe, na namna gani. Hili ndilo jibu langu, liwekeni kwenye kiambatisho. Hifadhini nyuma. Mkikosa nafasi, teketezeni mbele.